Nguzo za Zamani na Deni la Mwenye Kujua

Liko swali ambalo watu wa miji iliyojengwa juu ya ardhi itetemekayo wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 50, nalo ni hili. Mtu amejenga, au amenunua, jengo lililojengwa kwa kufuata sheria zote za wakati wake. Hakuiba saruji, hakumhonga mkaguzi, hakupunguza nondo. Miaka 40 baadaye wataalamu wanagundua kwamba majengo ya namna ile yaweza kuua watu siku ardhi itakapotikisika. Je, mtu huyo ana deni lolote kwa wale wanaolala ndani yake?

Wengine hujibu upesi kwamba hana deni. Alitii sheria, na sheria mpya ni ya majengo mapya. Wengine hujibu upesi vilevile kwamba analo, na jengo libomolewe kesho. Nadhani majibu yote mawili yametoka haraka mno. Yafaa tulitazame kwanza jambo lenyewe jinsi lilivyo, ndipo tupime haki yake.

Zege ni gumu likigandamizwa, lakini ni dhaifu likivutwa au kupindwa. Ndiyo sababu mafundi huweka nondo ndani yake. Katika nguzo, nondo nene husimama wima, na kuzizunguka hufungwa vyuma vyembamba vilivyokunjwa mraba au duara, ambavyo mafundi wetu huviita ringi. Mtu akipita penye ujenzi aweza kudhani kwamba kazi ya ringi ni kuzishika nondo tu mpaka zege limwagwe. Hata wahandisi wa zamani hawakuzihesabia sana, kwa kuwa siku za utulivu nguzo haina kazi nyingine ila kubeba mzigo wa juu na kuushusha hadi kwenye msingi.

Tetemeko lina tabia nyingine. Huisukuma nyumba upande, kisha huivuta kuirudisha, tena na tena katika muda wa sekunde chache. Nguzo hupindwa huku na huku ikiwa bado imebeba ghorofa zote kichwani. Zege la nje hupasuka na kubanduka. Tangu hapo uhai wa jengo hutegemea ringi. Tuchukue mfano wa gunia la mahindi. Mahindi peke yake hayawezi kusimama, lakini yakibanwa na gunia, mtu aweza kukaa juu yake. Gunia likipasuka ubavuni, mahindi humwagika na aliyekaa huanguka. Ringi ndizo gunia la nguzo. Zikifungwa karibu karibu, na ncha zake zikakunjwa kuingia ndani kabisa, hulibana zege hata likiwa limevunjikavunjika, na nguzo iliyoumia huendelea kubeba. Zikiwa mbali mbali, tuseme sentimita 30 kati ya moja na nyingine, na ncha zake zimekunjwa kidogo tu kwa pembe mraba, hufunguka mara zege la nje linapobanduka. Nondo hupinda kama mabua, zege humwagika kama mahindi yale, na ghorofa ya juu huiangukia ghorofa ya chini.

Nguzo za namna hiyo ya pili zilijengwa kwa wingi katika nchi nyingi mpaka miaka ya 1970. Jambo la kuogofya ni kwamba nguzo kama hiyo yaweza kubeba mzigo wake miaka 60 bila ufa wala alama yoyote. Mpangaji huigusa kila siku anapopanda ngazi, wala haimwambii neno.

Maarifa haya yalipatikana kwa bei kubwa. Huko Japani, tetemeko la Tokachi la mwaka 1968 lilivunja nguzo za majengo ya zege, yakiwamo ya shule, na mwaka 1971 sheria ya nchi hiyo ikaagiza ringi zifungwe karibu zaidi. Mwaka huohuo, tarehe 9 Februari, mapema alfajiri, tetemeko lilipiga bonde la San Fernando, kaskazini mwa Los Angeles huko Marekani. Hapo palikuwa na hospitali iitwayo Olive View, jengo jipya kabisa, lililojengwa kwa sheria ya wakati ule. Ghorofa yake ya chini ilisogezwa upande hata nguzo zikabaki zimeinama, na minara ya ngazi ikaanguka kando ya jengo. Wachunguzi walipofika waliona somo lililoandikwa wazi mbele yao. Nguzo zilizokuwa na ringi zilizozungushwa kama springi, kwa mzunguko wa karibu karibu, zilikuwa zimechubuka na kupinda vibaya, lakini bado zilikuwa zimelishika jengo. Nguzo za pembeni, zilizofungwa ringi za mbali mbali, zilikuwa zimesagika. Zote zilijengwa mwaka mmoja, na zote ziliruhusiwa na sheria moja.

Basi hapo twaweza kusema kwa haki kwamba waliojenga hawakuwa waovu. Walijenga kwa kadiri ya nuru waliyokuwa nayo. Lakini asubuhi ileile, katika bonde lilelile, palikuwa na hospitali nyingine, ya askari wa zamani, ambayo baadhi ya majengo yake yalikuwa ya miaka ya 1920. Yaliporomoka, na zaidi ya watu 40 wakafa. Majengo hayo yalijengwa kabla sheria za tetemeko hazijawekwa. Lakini sheria hizo ziliwekwa huko California mwaka 1933, baada ya tetemeko la Long Beach kubomoa majengo ya shule. Katika uwanja uleule wa hospitali, majengo yaliyojengwa baadaye kwa kufuata masharti mapya yalisimama. Kwa hiyo kwa muda wa miaka 38 watu walijua jinsi ya kujenga yanayosimama, na hali wagonjwa wakaendelea kulazwa katika yale yasiyosimama.

Jambo hili halikuhitaji mtu mwovu. Sheria ya ujenzi kwa kawaida hutazama mbele: humwamuru atakayejenga kesho, na humwacha aliyejenga jana. Kila maarifa yanapoongezeka, kundi la majengo hubaki nyuma, halali kwa karatasi lakini dhaifu kwa nguzo, na watu huzaliwa na kuzeeka ndani yake.

Sasa turudi kwenye swali letu. Hoja ya kwanza ya mwenye jengo ni kwamba pasipo kosa hapana deni. Hoja hii ina nguvu, wala tusiidharau. Nchi ambayo kila mtu aweza kuhukumiwa leo kwa sheria ambayo haikuwako jana ni nchi isiyo na haki. Lakini nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu niliwahimiza wanafunzi watofautishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya, yaani lawama na wajibu. Lawama hutazama nyuma, kwa yule aliyefanya. Wajibu hutazama mbele, kwa yule aliye na uwezo wa kufanya. Mwalimu anayekabidhiwa darasa lisilojua kusoma hana lawama, maana hakulifundisha yeye. Lakini tangu siku ile wajibu wa kulifundisha ni wake.

Torati iliipima hoja hii zamani sana, katika Kutoka sura ya 21, inaponena habari za ng'ombe dume mwenye kupiga watu kwa pembe. Ikiwa hakuwa na desturi hiyo, akamwua mtu, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe alijulikana kuwa mkali, na mwenyewe alikwisha kuonywa lakini hakumfunga, hukumu yake ni nyingine kabisa. Ng'ombe hakubadilika kati ya hali ya kwanza na ya pili. Kilichobadilika ni ujuzi wa mwenyewe. Naona nguzo za zamani ni kama ng'ombe huyo. Kabla ya mwaka 1971 mwenye jengo la Los Angeles angeweza kusema hakujua. Aliyepewa taarifa ya mhandisi akaifungia katika mtoto wa meza hawezi kusema hivyo, hata kama jengo hakulijenga yeye, na hata kama alilinunua wiki iliyopita.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni gharama. Kuziongeza ringi wakati wa kujenga ni bei ya vyuma vichache na siku chache za fundi. Kuziimarisha nguzo za jengo linalokaliwa ni kazi kubwa: kuzivika koti la chuma au la zege jipya, au kuzizungushia kitambaa cha nyuzi za kaboni, au kuongeza kuta nene toka msingi hadi paa. Wapangaji huhamishwa, maduka hufungwa, na mwishoni kodi hupanda. Si kila mwenye jengo ni tajiri. Aweza kuwa mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba kumi. Na mpangaji maskini aweza kusema, "Mnataka kuniokoa na tetemeko ambalo huenda lisije katika maisha yangu, kwa kunitoa leo hii katika nyumba ninayoweza kuilipia." Neno hilo ni la kweli, na wapenda usalama wenye nyumba zao imara wasilisikie kwa kebehi.

Jiji la Los Angeles lilikutana na hoja hiyo kwa vitendo. Mwaka 2015 lilipitisha sheria kwamba majengo ya zege ya kabla ya mwaka 1977 yachunguzwe, na yaliyo dhaifu yaimarishwe au yabomolewe. Wenye majengo walipewa miaka 25 tangu siku ya kupokea amri. Mwaka uliofuata ikaamuliwa kwamba katika nyumba zenye kodi inayodhibitiwa na jiji, mwenye nyumba aweza kuwatoza wapangaji nusu ya gharama ya kazi hiyo, kwa nyongeza isiyozidi dola 38 kwa mwezi.

Je, miaka 25 ni huruma au ni kuahirisha? Nakiri nimelipima jambo hili sana. Kazi ya miaka mingi haiwezi kufanywa kwa mwaka mmoja, na amri isiyotimizika huwafundisha watu kudharau amri. Hata hivyo jimbo lilelile la California liliamuru mwaka 1994 kwamba majengo ya hospitali yaliyo katika hatari ya kuanguka yashughulikiwe ifikapo mwaka 2008. Kisha tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Muda mrefu ni haki ikiwa kazi inaanza mapema na walio katika hatari kubwa wanatangulizwa. Ukitumiwa kungojea mpaka mwaka wa mwisho, ni kuwakopa wapangaji miaka yao bila kuwauliza.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye lile ambalo kwangu ndilo kiini. Gharama yaweza kugawanywa, na muda waweza kurefushwa, lakini kuna deni moja ambalo haliwezi kugawanywa wala kuahirishwa, nalo ni kuwaambia ukweli wanaoishi ndani.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walikuwa wamefanya orodha ya karibu majengo 1,500 ya zege mjini Los Angeles yaliyojengwa kabla ya sheria mpya. Orodha hiyo haikusema kwamba yote ni mabovu. Ilisema tu kwamba ni ya umri na namna ya kutiliwa shaka. Mwanzoni hawakupenda kuitoa hadharani, wakihofia kushitakiwa, na mwaka 2014 ndipo walipoikabidhi kwa jiji. Naielewa hofu yao. Ukilitaja jengo la mtu kwamba ni la mashaka, thamani yake hushuka siku hiyohiyo, na huenda uchunguzi ukionyesha baadaye kwamba lilikuwa zima. Lakini tulinganishe hasara hizo mbili. Mwenye jengo aliyetajwa bure aweza kuleta mhandisi akajisafisha. Mpangaji ambaye hakuambiwa hana njia ya kujitetea, kwa kuwa hajui kwamba kuna la kuuliza.

Mji wa Christchurch huko New Zealand watufundisha zaidi. Katika chuo kikuu cha mji huo walifundisha Robert Park na Thomas Paulay, mabingwa wawili ambao kitabu chao cha mwaka 1975 kiliwafundisha wahandisi wa nchi nyingi jinsi ya kujenga nguzo zinazopinda bila kuporomoka. Kama maarifa peke yake yangetosha kuokoa watu, hakuna mji ambao ungekuwa salama kuliko huo. Lakini mwaka 1986 lilijengwa hapo jengo la ghorofa sita, lililokuja kuitwa CTV, na nguzo zake zilikuwa na ringi nyembamba za milimita 6, zilizozungushwa kwa nafasi ya sentimita 25. Mwezi wa Septemba 2010 tetemeko kubwa liliutikisa mji. Jengo lilikaguliwa, likaonekana lafaa, watu wakaendelea na kazi zao. Tarehe 22 Februari 2011, saa saba kasoro dakika chache mchana, likaja tetemeko jingine. Jengo la CTV liliporomoka kwa sekunde chache, ukabaki umesimama mnara wa ngazi na lifti tu. Watu 115 walikufa humo, kati ya 185 waliokufa mjini siku ile. Wengi walikuwa wanafunzi wa kigeni waliokuja kujifunza lugha. Tume ya Kifalme iliyochunguza ilisema kwamba michoro ya jengo hilo ilikuwa na kasoro, na kwamba kibali hakikupasa kutolewa.

Baada ya hayo, mwaka 2016, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyoagiza kwamba jengo likithibitika kuwa dhaifu mbele ya tetemeko, tangazo libandikwe juu yake mahali pa wazi, na jina lake liandikwe katika daftari ambalo kila mtu aweza kulisoma. Naliona agizo hilo kuwa la haki sana. Halimwondoi mtu kwa nguvu, wala halimfilisi mwenye jengo kwa siku moja. Linamtambua yule anayeingia mlangoni kuwa mtu mwenye akili na haki ya kuamua: nikae hapa nikiokoa fedha, au nitafute pengine. Kuamua huko ni kwake, na asiyemwambia amemwamulia.

Iko hoja ya tatu, ambayo husemwa zaidi makanisani kuliko katika mabaraza ya miji, kwamba tetemeko ni kazi ya Mungu na siku ya mtu ikifika imefika. Bwana wetu alipashwa habari za watu walioteseka, naye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Alikataa kabisa wazo kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Tusiwabebeshe waliokufa sababu ya kufa kwao. Mtikisiko wa ardhi hakuna mtu aliyeuamuru. Ringi ya sentimita 25 iliamuliwa na mtu, ikachorwa, ikapigwa mhuri.

Msomaji aweza kusema kwamba hayo ni ya Marekani na New Zealand. Lakini nasi twaishi kandokando ya Bonde la Ufa. Mwaka 1910 tetemeko kubwa lilipiga upande wa Rukwa, na mwaka 1928 jingine lilipiga Subukia huko Kenya. Tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba ilitikisika, na zaidi ya watu 15 wakapoteza maisha. Nyumba nyingi zilizoanguka huko zilikuwa za matofali na udongo, si za nguzo za zege. Hata hivyo miji yetu inapanda juu mwaka kwa mwaka, na magorofa ya zamani yapo, na wengi wetu tumo katika kamati hii au ile ya shule, zahanati au chama cha ushirika, ambako siku moja karatasi huletwa mezani ili tutie sahihi.

Siku hiyo si lazima mjumbe awe mhandisi. Yatosha aulize kwa adabu maswali ambayo mtu yeyote aweza kuyauliza. Jengo hili lilijengwa mwaka gani, na michoro yake iko wapi? Ringi za nguzo zimepangwa kwa nafasi gani? Nani amelichunguza, na aliandika nini? Waliomo ndani wameambiwa? Na kama jengo ni jipya, aende siku moja kabla zege halijamwagwa, ringi zikiwa bado zaonekana, pamoja na mtu anayejua kuzisoma. Baada ya zege kumwagwa, kuona tena ni kwa gharama.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Aliyejenga kwa uaminifu katika giza hana lawama, na tusimchafulie jina lake. Aliye na ufunguo wa jengo leo, naye amekwisha kujulishwa, ana deni, hata kama si kosa lake. Deni hilo lipangiwe taratibu, lisaidiwe na mji na serikali, maana usalama wa watu si faida ya mwenye nyumba peke yake. Ila sehemu ya kwanza ya deni, yaani kuwaambia waliomo, haihitaji mkopo wala miaka 25. Yaweza kulipwa juma hili, kwa barua ya ukurasa mmoja iliyobandikwa penye ngazi.